Maji ya Namugongo na maji ya bondeni

Kila mwaka tarehe 3 Juni inapokaribia, parokia za wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huingia katika maandalizi ya safari. Kuanzia Nyakakika hadi Kaisho michango hukusanywa, hati za kuvukia mpaka hutafutwa, viatu imara huazimwa. Wapo wanaopitia Kyaka na Mutukula. Wapo wanaoshika njia ya Omurushaka na Nkwenda hadi Murongo, wakauvuka Mto Kagera hapo. Njia hizo mbili hukutana Masaka, kisha huelekea Namugongo nchini Uganda, mahali ambapo mashahidi Karoli Lwanga na wenzake waliuawa kwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wengi hupanda magari, wachache hutembea siku nyingi kwa miguu. Lakini wakirudi, aliyepanda gari na aliyetembea hurudi na kitu kilekile: maji. Ni kidumu cha lita tatu au tano kilichochotwa kwenye bwawa la Namugongo, kifuniko kimekazwa juu ya kipande cha nailoni kisivuje. Kidumu hicho hakitupwi nyuma ya gari pamoja na mikungu na magunia. Hupakatwa mapajani njia nzima. Nyumbani maji yake hupimwa kwa kijiko. Mgonjwa atapewa, bibi aliyeshindwa kusafiri atapewa, mtoto mchanga ataguswa paji la uso. Waislamu wa wilaya hizi wanaorudi kutoka Makka hufanya vivyo hivyo kwa maji ya Zamzam. Hakuna anayeyanawia miguu.

Sasa tumfuate hujaji huyo hatua zake za mwisho kabla hajafika kwake. Vijiji vyetu vimekaa juu ya miinuko, na chemchemi ziko mabondeni. Mara nyingi njia ya kwenda nyumbani hupita karibu na ile chemchemi inayowanywesha watu wote wa kilima. Pembeni yake mikaratusi imepandwa hadi ukingoni, kwa sababu pale udongo una unyevu na miti hukua haraka. Ng'ombe wamekanyaga mahali pa kuchotea, nguo zimefuliwa juu ya mkondo, na kiangazi kikizidi watoto hukinga maji kwa kikombe hadi kidumu kijae. Mtu yule aliyepakata maji ya mbali kama mtoto hupita hapo asigeuze hata shingo. Swali langu la leo ni hilo tu: inakuwaje moyo mmoja uyatukuze maji yanayoonjwa kwa kijiko, uyadharau maji yanayoupika ugali wa kila siku? Jibu langu ni kwamba hija inao uwezo wa kubadilisha namna tunavyoutazama uumbaji, ila uwezo huo hautokani na uzuri wa mahali tunapokwenda. Unatokana na jambo moja ambalo hija humfanyia mtu: humfanya mgeni. Mgeni ana hisia zake, shukrani, haya na kicho, na hizo ndizo hisia zinazolinda mti na maji. Tukirudi nyumbani tunazivua mlangoni, kwa kuwa nyumbani sisi si wageni tena, ni wenye mali.

Wanyambo na Wahaya hawahitaji kufundishwa ugeni ni nini. Mtu akiingia nyumbani huletewa kahawa ya kutafuna ndani ya kikapu kidogo, huchukua punje chache akashukuru, naye hachoti kikapu kizima hata kama ana njaa. Hakuna sheria iliyoandikwa inayomzuia. Kinachomzuia ni haya, yaani ile hisia ya kujua kwamba kilicho mbele yake amepewa, hakukifanyia kazi, na macho ya mwenyeji yapo. Mgeni haendi shambani kukata mgomba wa mwenyeji. Akitaka maji huomba, akionyeshwa kisima hukiacha kama alivyokikuta. Sasa mchukue hujaji anayetembea kwa miguu kuelekea Namugongo, au Nyakijoga kule upande wa Mugana, au anayevuka daraja la Rusumo kwenda Kibeho nchini Rwanda, ambako maono ya Bikira Maria yaliyoanza tarehe 28 Novemba 1981 yalitambuliwa na Kanisa mwaka 2001. Barabarani mtu huyo hana kibanja wala bomba. Kivuli anachokaa si chake, maji anayokunywa si yake, ndizi anayopewa imetoka katika shamba la mtu asiyemjua na pengine hatamwona tena. Wanaanthropolojia Victor na Edith Turner, katika kitabu chao cha mwaka 1978 kuhusu hija za Wakristo, walieleza jinsi safari ya namna hii inavyowavua watu vyeo, tajiri na maskini wakawa ndugu wa njia moja. Nami naona inavua zaidi ya cheo. Inamvua mtu umiliki, na asiye na chochote njiani huanza kukiona kile ambacho mwenye mali hakioni: kwamba mti ule umempa kivuli na haumdai kitu.

Wazo hili si langu peke yangu, na dini moja imelifanya sheria. Muislamu akishavaa ihramu kwa ajili ya hija anaingia katika hali ambayo kumwinda mnyama wa nchi kavu ni haramu kwake. Akimuua kwa kusudi, Kurani katika Sura ya 5 imeweka fidia: mnyama wa mifugo aliye sawa na yule aliyeuawa, na usawa huo huamuliwa na watu wawili waadilifu. Akiwa ndani ya eneo takatifu la Makka hakati miti wala majani yanayoota yenyewe, isipokuwa nyasi moja, izkhiri, ambayo Mtume aliiruhusu kwa sababu watu waliitumia majumbani na makaburini. Tazama mpangilio wake. Wakati ambapo mwanadamu yuko karibu zaidi na Mola wake ndio wakati mikono yake imefungwa kabisa mbele ya swala na kichaka. Ukuu haukumpa ruhusa zaidi, ulimpunguzia. Naye hukubali bila kunung'unika, kwa kuwa amejiita mgeni wa Mwenyezi Mungu, na mgeni wa nyumba kubwa ndiye anayepaswa kuwa mpole zaidi. Kama mahujaji wote wangeibeba nyumbani nusu tu ya adabu hiyo, mazungumzo yetu kuhusu vyanzo vya maji yangekuwa mengine.

Wapo watakaosema kwamba hisia ni mvuke, asubuhi ipo, saa nne imekwisha, huwezi kujenga juu yake. Kuna jaribio moja la wanasaikolojia ambalo watu wa Karagwe wangelielewa upesi kuliko wengine, kwa sababu linahusu mkaratusi. Paul Piff na wenzake walilichapisha mwaka 2015. Walilifanya katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako kuna kundi la mikaratusi mirefu sana iliyoletwa kutoka Australia. Watu wengine waliambiwa wasimame wakaitazame miti hiyo juu kwa dakika moja. Wengine, mahali palepale, waligeuziwa upande wa jengo refu wakalitazame hilo. Kisha mtu akapita, akaangusha kalamu zake kana kwamba kwa bahati mbaya. Waliotazama miti waliokota kalamu nyingi zaidi, na walipoulizwa walijiona wenye madai machache zaidi juu ya wengine. Dakika moja tu! Lakini linalonigusa ni hili: mkaratusi uleule uko kila kilima cha Karagwe, nasi huutazama kila siku bila kuwa wakarimu zaidi. Tunautazama tukihesabu nguzo, fito na mkaa. Mti ni mmoja, jicho ndilo lililosimama mahali tofauti. Wale wa Berkeley walisimama kama wageni wasio na cha kuuza wala kununua pale, ndiyo maana kicho kiliwaingia. Kwa hiyo sikubali kwamba hisia ni mvuke. Hisia hufuata namna mtu alivyosimama, na hija ni shule ya kusimama.

Hata hivyo tusidhani kila safari ni shule hiyo. Novemba 1861 wavumbuzi John Hanning Speke na James Grant walifika Karagwe, wakapokelewa na Mkama Rumanyika katika makao yake ya Bweranyange kwa ukarimu ambao Speke mwenyewe aliusifu sana katika maandishi yake. Alikuwa ametembea miezi mingi kutoka pwani, njia ndefu kuliko ya mahujaji wetu wa leo. Alikuwa mgeni kwa kila maana ya neno. Na bado alitoka na bunduki yake akapiga faru katika nchi ya mwenyeji wake, na vichwa akampelekea Rumanyika kama zawadi. Sisemi hili kumhukumu mtu wa karne ya 19 kwa mizani ya leo. Mwenyeji wake aliifurahia zawadi ile. Nalisema kwa kuwa linaonyesha kwamba miguu peke yake haitoshi. Mvumbuzi husafiri ili akajue, apime, aandike jina, na mwisho wa njia yake kuna kitu atakachokipata. Hujaji husafiri akiwa na deni: ameweka nadhiri, ana toba ya kufanya, ana shukrani kwa mtoto aliyepona. Anayetembea na deni moyoni na anayetembea na orodha ya vitu vya kupata huuona mlima uleule kwa macho mawili. Leo jina la Rumanyika limepewa hifadhi ya taifa, Rumanyika-Karagwe, iliyoanzishwa mwaka 2019 pamoja na Ibanda-Kyerwa na Burigi-Chato. Watalii watakuja na tuwakaribishe. Ila tusitegemee kwamba kuona wanyama kwenye dirisha la gari kutawafanya, au kutatufanya sisi, kuwa walinzi wao.

Pingamizi zito zaidi liko mbele ya macho yetu, nalo ni takataka. Siku kuu ya Namugongo hukusanya mamia ya maelfu ya watu, na wengi wao hunywa maji ya chupa. Kule Kerala nchini India, mahujaji wa Sabarimala hupita ndani ya msitu wa milimani, nao wamelalamikiwa kwa miaka mingi kwa plastiki na uchafu unaoingia Mto Pamba. Basi iko wapi haya ya mgeni? Naona jibu liko ndani ya neno lenyewe. Haya inahitaji uso wa mwenyeji. Hujaji anayelala kwa mama fulani kijijini, akaoneshwa choo na kisima, hatatupa chupa uani. Akiingia katika umati wa watu laki tatu, mwenyeji hayupo tena. Kuna mkandarasi wa usafi, kuna kamati, kuna kipaza sauti. Pale mtu hubadilika kutoka mgeni akawa mteja, na mteja ameshalipa. Tunaopanda magari tumezidisha hilo, kwa sababu basi linavuka wilaya nzima bila mtu kumwomba mtu maji. Kwa hiyo takataka za Namugongo hazinithibitishii kwamba hija haina nguvu. Zinanithibitishia kwamba tumeiondolea hija kile kilichoifanya iwe hija. Upande wa Rwanda, ambako mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu mwaka 2008, mahujaji wa Kibeho wamezoea kuulizwa mpakani kama wamebeba mifuko hiyo, nao huitoa mizigoni na kuacha. Tanzania ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Swali lile la mpakani ni la sheria, lakini linamfanyia msafiri jambo ambalo umati haumfanyii: linamwambia kwamba nchi hii ina mwenyewe.

Msomi mmoja wa historia, Lynn White, aliandika mwaka 1967 katika jarida la Science kwamba mzizi wa uharibifu wa mazingira uko katika Ukristo wa Magharibi wenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba zamani kila mti na kila chemchemi vilikuwa na roho yake, mtu akaomba radhi kabla ya kukata; Ukristo ulipoziondoa roho hizo, ukaondoa na breki. Sisi wa Kagera hatuwezi kulipuuza neno hilo. Kabla ya Mapadre Weupe kufungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, pori katika imani za mkoa huu lilikuwa na mwenyewe, Irungu, na maji yalikuwa na mwenyewe, Mugasha. Palikuwa na vichaka ambavyo mtu hakuingia na panga. Vingi vya vichaka hivyo havipo leo. Nakubali kwamba kitu kimepotea. Sikubali kwamba kilichopotea ni dini ya miti. Kilichopotea ni hisia ya kuwa kwenye nyumba ya mwingine, na hisia hiyo inaweza kukaa ndani ya dini zaidi ya moja. Nchini Ethiopia, ambako Ukristo umekuwepo tangu karne ya 4, makanisa ya Kiorthodoksi yamezungukwa na misitu ya asili ambayo ukiitazama kutoka angani ni visiwa vya kijani katikati ya mashamba makavu. Waumini hawakati pale kwa sababu ni ua wa kanisa. Pwani ya Kenya, misitu ya kaya ya Wamijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, nayo inalindwa na imani ya jadi. Dini mbili zisizofanana, na miti imesimama kotekote. White mwenyewe hakuishia kulaumu: alipendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaikolojia, na mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II akamtangaza hivyo. Mimi ningeongeza kwamba woga peke yake ni mlinzi dhaifu. Woga wa mzimu hulinda mti hadi siku kijana mmoja atakapoukata asidhurike. Baada ya siku hiyo msitu wote uko hatarini. Haya ya mgeni haivunjiki hivyo, kwa sababu haikungoja adhabu tangu mwanzo.

Lipo pia neno ambalo wahubiri wetu hulipenda na ambalo hugeuzwa kuwa silaha dhidi ya hoja yangu: kwamba hapa duniani sisi ni wapitaji, kwetu ni mbinguni. Watu husema, kama ni wapitaji, ya nini kuhangaika na kilima? Naona wamelisoma neno hilo kinyume. Ni mwenye nyumba ndiye anayeweza kubomoa ukuta wake akasema ni wangu. Mpitaji hana haki hiyo. Anayelala kambini usiku mmoja huzima moto asubuhi kabla ya kuondoka, kwa kuwa yupo mwingine anayekuja jioni. Katika wilaya zetu huyo anayekuja jioni ana majina, na wengi wao wako darasa la pili sasa hivi.

Naja kwenye pingamizi ambalo silijibu kwa wepesi, kwa sababu wanaolisema wana njaa. Mama asiye na kuni hatapikia haya. Kijana asiye na ajira anachoma mkaa kwa kuwa mkaa unauzika mjini Kayanga kesho asubuhi. Ni kweli, na mtu akikuambia kwamba mahubiri yatachukua nafasi ya majiko banifu, miche na bei nzuri ya kahawa, usimsikilize. Lakini tutenganishe mambo. Siyo kila uharibifu wetu unatokana na njaa. Tuangalie moto wa rweya. Kila kiangazi miinuko yetu ya nyasi huwaka, na usiku unaona mistari myekundu ikipanda kilima kimoja baada ya kingine. Mfugaji mmoja anataka majani mabichi, ndiyo, ila sehemu kubwa ya moto ule huwashwa na mtu anayepita na kiberiti, au huachwa utoroke kutoka shamba linaloandaliwa. Asubuhi nyasi ambazo zingetandazwa kwenye kibanja kutunza unyevu wa migomba zimekuwa majivu, na watu wanajua nani aliwasha lakini hakuna anayelitaja jina lake. Njaa haikuwasha moto huo. Vivyo hivyo mikaratusi ya ukingoni mwa chemchemi mara nyingi ni ya mtu mwenye uwezo wa kuipanda kwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Kila mwenyekiti wa kijiji anazijua hizo mita 60, na kila mwenye mikaratusi pia. Upungufu wetu si wa maarifa. Sheria inakosa uso ambao mtu ataona haya mbele yake, na hapo ndipo hisia zina kazi ambayo faini haijaifanya.

Basi kwa nini hujaji wetu alipita chemchemi bila kugeuka? Wanasaikolojia Benoît Monin na Dale Miller walionyesha mwaka 2001 jambo ambalo kila muungamishi analijua: mtu akishajithibitishia kwamba ni mwema, hulegeza kamba kwa tendo linalofuata. Aliyetoka Namugongo amefunga, ametembea, amelia, amesamehewa. Anahisi hesabu yake imelipwa, na kidumu mapajani ni stakabadhi. Hatari hii ni ya kweli, na ningesema ndiyo inayozila hija zetu nyingi. Lakini mapokeo yenyewe yanayo dawa. Katika kitubio padre hamwachi mtu aende na msamaha mikono mitupu. Humpa malipizi, tendo la kufanya baada ya kutoka. Waswahili nao wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shukrani isiyopewa kazi ya mikono hugeuka kiburi. Ikipewa kazi, hukaa. Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini, chini ya Askofu Fredrick Shoo, ambaye watu wamempachika jina la Askofu wa Miti, lilifanya upandaji wa miti kuwa sehemu ya maandalizi ya vijana wa kipaimara huko Kilimanjaro. Kijana hakupanda mti kwa sababu semina ilimwambia kuhusu hewa ukaa. Aliupanda akiwa amesimama katika siku ambayo moyo wake umefunguka, na mti ule ukaungana na kumbukumbu ya siku hiyo. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wake wa Laudato Si', unaouita mgogoro wa mazingira suala la wongofu wa moyo. Mwezi Novemba mwaka huohuo alizungumzia mazingira katika ofisi za Umoja wa Mataifa jijini Nairobi tarehe 26, na tarehe 28 alikuwa Namugongo akiadhimisha misa mahali pa mashahidi. Siku mbili tu kati ya chemchemi mbili za neno moja. Mahujaji wetu waliosikia ya tarehe 28 ni wengi, waliosikia ya tarehe 26 ni wachache, na kazi ya kuyaunganisha imeachwa kwetu huku vigangoni.

Kazi hiyo naiona hivi. Baraka ya kuwaaga mahujaji kwa kawaida hutolewa kanisani, na wanaporudi hupokelewa kanisani. Ingetolewa chemchemini. Kigango kizima kishuke bondeni siku moja kabla ya safari, wazee wakiwemo, na walioandikishwa kwenda Namugongo ndio wasafishe mkondo, wachimbe mfereji wa kuzuia ng'ombe, wapande mitete na miti ya asili mahali pa mikaratusi ambayo mwenyewe, mbele ya macho ya jirani zake na bila kutukanwa, ameombwa aivune na asiirudishie. Wakirudi, kabla ya kijiko cha kwanza kumfikia mgonjwa, wapite tena palepale. Msikiti unaweza kufanya hivyo kwa mahujaji wake, maana chemchemi haiulizi mtu dini, na kule bondeni wamekuwa wakichota pamoja siku zote. Najua wapo watakaoona ni kuongeza mzigo juu ya safari iliyo ngumu tayari. Ila hebu wazia mtu mzima, vumbi la Murongo bado liko kwenye viatu vyake, ameshika kidumu cha Namugongo mkono mmoja, amepiga magoti ukingoni mwa maji aliyokunywa tangu utotoni, na mtoto wa jirani aliyekuja kuchota anamsubiri amalize.